Aliyekaushwa Pamoja na Kunde

Gari la kwanza lilikuwa limekwisha kuondoka na nyasi, la pili lilikuwa likikata kona na okidi, na la tatu, la jamii ya kunde, lilikuwa mlangoni likinguruma, dereva wake Hervé akipiga honi kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Nyumba ya Majani ilikuwa inahama. Ndivyo wafanyakazi walivyoiita. Jina lake halisi lilikuwa refu, limeandikwa kwa lugha mbili kwenye bamba la shaba, na bamba lenyewe lilikuwa limeshang'olewa asubuhi ile. Nyumba hiyo ilikaa Saint-Josse, mtaa wa Brussels, tangu enzi za mfalme fulani, siku hizi ikiwa imebanwa kati ya duka la magauni ya harusi ya Waturuki na kinyozi, na ndani yake makabati kwa makabati ya mimea mikavu iliyochumwa kila pembe ya dunia. Jengo limeuzwa. Mimea inapelekwa Evere, pembeni mwa jiji, kwenye ghala jipya lisilo na madirisha.

Gracieuse alikuwa bado juu na makasha ya mwisho. Huyu ni mama wa Bukavu aliyefika Ubelgiji vita vikimpumulia kisogoni, akafagia maofisi, akakunja mashuka, akalea wazee wa watu, hadi mtu mmoja alipoitazama mikono yake na kumpeleka kwenye meza ya kubandika. Mmea ukiletwa umekaushwa kati ya mbao za kubania, yeye huulaza juu ya karatasi nene, huupaka gundi mgongoni, huushika kwa tepe nyembamba za kitambaa, na shina likiwa nene hulishona kwa uzi. Mmea mrefu kuliko karatasi hukunjwa kama herufi Z. Mwisho huweka kibandiko pembeni, chini: jina la Kilatini, mahali, tarehe, na nani aliuchuma.

Kazi hiyo aliifanya vizuri na ilimtia kinyaa. Kinyaa chenyewe hakikumjia kwa siku moja, kilimwingia kama unyevu unavyoingia ukutani. Karatasi za zamani zilikuwa zimepakwa sumu ya zebaki ili wadudu wasile, na sumu ile ilikuwa na harufu ya chuma kilichonyonywa. Akirudi nyumbani alinawa mpaka viwiko, na bado bugali ilikuwa na ladha ya msumari. Halafu kulikuwa na vile vibandiko. Vingi viliishia kwa maneno yale yale: *mmea mmoja tu umeonekana*. Na mmea wenyewe ndio huu hapa mezani, na mizizi yake yote, umetandazwa kama ngozi ya sungura.

Katika kasha la kunde-mwitu za majangwani, ndani ya jalada lililofungwa kwa utepe uliofifia, alimkuta mwanamume.

Alikuwa amelazwa kati ya karatasi mbili za kufyonza maji, kando ya tawi la kunde lenye maganda yaliyojisokota. Alikuwa amekunjwa Z. Vitu vikikauka husinyaa, na huyu alikuwa amesinyaa mpaka akatosha kwenye karatasi, bapa, rangi ya samaki wa sambaza aliyeanikwa siku nyingi juani. Alivaa shuka kiunoni na kilemba kichwani, vyote bapa. Mkono wa kushoto haukuwepo. Ulikatwa kwenye kifundo, mkato safi wa mkasi. Alifumbua jicho moja, akamtazama Gracieuse, akalifumba.

Watu wa Nyumba ya Majani wamezoea kukuta vitu kwenye majalada. Mende, tiketi za treni, nywele za wakusanyaji, ganda la yai. Gracieuse hakushtuka. Kilichomuudhi ni kwamba hajabandikwa. Mtu mkavu namna ile, akirushwarushwa kwenye mawe ya barabara ya Louvain, angefika Evere vipande.

"Maman Gracieuse!" Hervé aliita toka chini ya ngazi. "Camion inakula mafuta bure! Ayo majani yako ingali inaota?"

"Ngoya kidogo! Niko na muntu hapa."

"Muntu gani? Umuteremushe, nafasi iko."

"Hajabandikwa."

"Bon, umubandike basi, twende! Polisi batatuandikia procès-verbal juu ya kuegesha hapa!"

Hervé ni mtu wa Lubumbashi, mwenye haraka na utani, na haraka yake huambukiza. Gracieuse alichukua brashi. Akampaka gundi mgongoni, taratibu, akianzia kisogoni. Akamlaza kwenye karatasi nene iliyobeba ile kunde. Akamtia tepe ya kitambaa begani, kiunoni, kwenye magoti, na mbili kwenye nyayo, akazibonyeza kwa kidole gumba mpaka zikashika. Alikuwa na mikono mizuri kweli. Tepe hazikupanda hata unywele mmoja wa mtu yule. Kisha akafunga jalada, akalibeba kifuani kama mtoto, akashuka. Gari la kunde likaondoka.

Kule Evere kuna sheria kwamba hakuna jani linaloingia ghalani bila kupitia kwenye friza, ili wadudu na mayai yao wafe. Mwanamume akawekwa kwenye friza juma zima pamoja na kunde zenzake. Alipotolewa, kope zake zilikuwa na unga wa barafu. Gracieuse alisubiri unga ule uyeyuke, na alipoona midomo inatikisika bila sauti, alifanya kile kinachofanywa ua kavu likitakiwa kufunguka: alichovya brashi ndogo kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni, akampaka midomoni na kwenye ulimi.

Mwanamume alitema mate kidogo.

"Hii sabuni?"

"Kidogo tu. Njo inalainisha."

"Basi nimeshakuwa mtu safi wa maneno. Ahsante, mama. Saa ngapi sasa?"

"Saa ine ya asubui."

"Nimechelewa. Nimewaacha mbuzi wamefungwa." Alisikiliza kidogo, kisha akacheka, na kifua chake kikalia kama karatasi. "Kiswahili chako, mama, kimepita njia ya mawe. Kwenu 'ndio' ni 'njo'."

"Na yako imenyooka sana, papa. Ni weye mwenyewe njo umekunjika."

Jina lake lilikuwa Abeid bin Hamadi. Alizaliwa kwenye milima ya jangwa huko Arabuni, kwenye makorongo ambako jua huingia adhuhuri tu, likatoka. Ujana wake aliupeleka Unguja kuchuma karafuu, akaoa huko, akarudi mlimani na mke na binti mdogo kumwangalia mama yake mzee. Asubuhi moja alikuja Mbelgiji, profesa, mtu mwekundu mwenye adabu, anatafuta kunde inayoota ukutani mwa korongo bila mvua. Abeid aliijua. Miaka ya njaa watu wa pale walichuma maganda yake wakapika, na mzizi wakauacha. Alimpeleka.

"Akaung'oa," Abeid alisema. "Nikamwambia, bwana, huo ndio peke yake kwenye ukuta huu. Akasema ndiyo maana. Akaulaza kwenye mbao zake. Kulikuwa na upepo, tawi linarukaruka. Akaniambia shika hapa. Nikashika. Akasema shika vizuri. Nikalala nikashika vizuri. Akafunga mikanda."

"Na haukupiga kelele?"

"Nilimwambia, bwana, na mimi nimo. Akasema dakika moja."

Gracieuse aliinamia jalada. Alisoma kibandiko. Profesa alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa shule: korongo lenye mawe ya chokaa, ukuta wa kaskazini, mmea mmoja tu umeonekana, kiongozi mwenyeji. Jina la Kilatini la kunde lilimalizikia kwa jina la profesa mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeigundua. Na chini kabisa, kwa penseli: *nakala imepelekwa Uswisi*. Wakusanyaji hugawa. Tawi hili linabaki hapa, tawi lile linapelekwa kwa wenzao, yote kwa nambari moja. Mkono wa Abeid ulikuwa Uswisi, umeshika tawi.

"Unataka nini, papa?" aliuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nyumbani. Nini tena? Nimetoka hata sijanywa kahawa."

Gracieuse akaenda kwa Docteur Constant.

Docteur Constant alikuwa mkuu wa makusanyo, mzaliwa wa Likasi, mtu wa kwanza kutoka Kongo kukalia kiti kile, na alikikalia kama mtu anayekalia yai. Alikuwa mpole. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alikuja mwenyewe hadi mezani, akavaa glavu, akamwamkia Abeid vizuri, akamwinamia na kioo cha kukuzia akitazama ile tepe ya begani.

"Maman Gracieuse, mimi ninaelewa," alisema. "Kabisa. Na mimi ni mutoto wa Afrika, donc unajua inaniuma wapi. Lakini karatasi hii njo karatasi ya jina. Jina ya ile kunde duniani mzima inasimama juu ya karatasi hii. Ikipasuka, jina haina miguu."

"Docteur, huyu ni muntu. Si jina ya majani."

"Ninaona ni muntu. Swali ni moja tu. Wakati ulimukuta, alikuwa libre ao alikuwa amebandikwa?"

"Alikuwa libre."

Docteur Constant alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Ah, maman. Kintu yenye iko libre ndani ya jalada, udongo, mududu, kamba, hiyo haiko ya collection. Tunaitoa. Tunatupa, ao tunarudishia mwenyewe. Angenifikia libre, ningemuitia taxi siku ile ile. Lakini chenye kimebandikwa ni cha karatasi, na cha karatasi hakitoke. Njo règlement, siyo mimi niliiandika." Akavaa miwani tena. "Nani alimubandika?"

Hervé, aliyekuwa akisukuma toroli la makasha, alisimama.

"Ni mimi," alisema Gracieuse.

"Umemubandika vizuri sana," Docteur Constant alisema, na alikuwa anamsifu kwa moyo mweupe.

Usiku ule Gracieuse hakuweza kula. Alikaa mbele ya sahani akitazama vidole vyake. Mwanawe mkubwa alimuuliza kama anaumwa, akajibu hapana, akaenda kunawa tena mpaka viwiko. Kitu kibaya mtu hukichukia kikiwa kimefanywa na mwingine. Hiki kilikuwa kimefanywa na mikono yake, kwa uangalifu, kwa huruma hasa, na ndiyo maana kilikuwa kimeshika.

Hervé naye dhamiri ilimsuta, kwa namna yake. Saint-Josse kulikuwa na rafiki yake aitwaye Waziri, Mzanzibari mwenye duka la simu, bizari na sabuni za udi. Waziri alikuja Evere na simu yake, akaishikilia karibu na mdomo wa Abeid, na Abeid akasema jina lake, la baba yake, la mke wake, la binti yake Mwanakombo, na mtaa wa Unguja alikowahi kukaa. Waziri akautuma ujumbe kwenye kundi la watu wa kwao. Sauti ile ilizunguka London, Maskati, Toronto, ikatua Unguja kwa bibi mmoja mwenye kisukari ambaye alikuwa akipepeta mchele. Aliisikiliza. Akamaliza kupepeta. Kisha akamwambia mjukuu wake amtafutie pasipoti.

Mwanakombo alipofika Brussels ilikuwa inanyesha mvua ile ya huku isiyo na nguvu wala mwisho. Alipewa kibali cha kuingia chumba cha kusomea kama mtafiti mgeni. Alivulishwa koti. Alinyang'anywa kalamu ya wino na chupa ya maji. Akavishwa glavu nyeupe ambazo hazikuenea vidoleni kwa sababu ya baridi yabisi. Gracieuse akaleta jalada, akalilaza juu ya mto wa povu, akalifungua.

Baba na binti walitazamana. Yeye alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Mbele yake alikuwa amekaa bibi kizee, mwenye ushungi na fimbo, amekunjamana uso.

"Shikamoo, bibi," alisema Abeid.

"Marahaba," alijibu Mwanakombo, kwa mazoea, na neno likamkwama nusu. Alisogeza kiti karibu. Kisha akasema, "Baba, ni mimi. Kombo."

Abeid alimtazama sana. Jicho lake kavu lilisogea kutoka kwenye ushungi hadi kwenye kidevu, likabaki kwenye kidevu.

"Umekuwa mkubwa," alisema.

"Nimekuwa."

"Mbuzi je?"

"Mama aliwafungua jioni ile. Baadaye tukawauza, tukapata nauli ya kurudi Unguja. Wewe tukakungoja."

"Alifanya vizuri. Na yeye?"

"Mama tumemzika. Siku nyingi."

Abeid alifumba macho. Machozi hakuwa nayo, hana maji. Gracieuse alisogeza brashi yake akataka kumlowesha kope, akaona haya, akairudisha.

Docteur Constant aliingia kumsalimu mgeni. Alivuta kiti akakaa chini kuliko yeye, kwa heshima, akamwuliza habari za safari. Mwanakombo alimjibu kila salamu kisha akasema alichokuja kusema: amekuja kumchukua baba yake.

"Maman, tunaweza kuazima," Docteur Constant alisema. "Hiyo iko possible. Lakini tunaazima ma-institution tu, kama ma-université. Hatuazime bantu."

"Huyo si mtu?"

"Namaanisha, hatuazime *kwa* bantu. Maman uko na institution?"

"Nina nyumba," alisema Mwanakombo. "Ina vyumba viwili na ukumbi."

Docteur Constant aliliandika hilo. Kweli aliliandika, kwa penseli. Alisema atauliza juu. Alisema pia, kwa uaminifu, kwamba juu watajibu kuwa karatasi haijakamilika mpaka wenye nakala iliyoko Uswisi wakubali, na Uswisi watajibu kuwa wao wana mkono tu, na mkono hauna mamlaka ya kuamua. Alisema kuna kampuni ya mbegu inaisubiri kunde hii kwa hamu, kwa vile inaota bila mvua, na kwa hiyo mwaka huu si mwaka mzuri wa kuihamisha. Kisha akatazama saa, akaomba radhi, ana mkutano.

Mlango ulipofungwa, Gracieuse alitoka akarudi na birika.

"Maman Gracieuse, utafukuzwa," alisema Hervé aliyekuwa amesimama dirishani, yaani mahali ambapo dirisha lingekuwa.

"Banifukuze. Ukae pa mulango."

Gundi ya zamani, ya unga, hulegea kwa maji ya moto. Ndivyo alivyofundishwa, na alitumaini na hii italegea. Alichovya pamba, akaiweka juu ya tepe ya begani, akangoja, akaiweka tena. Mwanakombo alivua zile glavu akamshika baba yake kichwa kwa mikono mitupu. Mvuke ulipanda na harufu ya zebaki ikapanda nao, na chini yake harufu nyingine, ya mbuzi, vumbi la mawe na kahawa ambayo haikunywewa. Bega la Abeid lilianza kujaa. Likavimba polepole, likapata mviringo, rangi ya samaki ikamtoka na rangi ya mtu ikamrudia, mpaka mshipa ukaonekana chini ya ngozi, unapiga.

"Inakubali," alinong'ona Hervé. "Eh, maman, inakubali!"

Lakini gundi ya Gracieuse haikuwa ya unga. Ilikuwa gundi mpya, ile waliyoletewa mwaka wa kuhama, iliyotengenezwa isiachie. Tepe ilikaa. Bega lilivuta juu, tepe ikavuta chini, na Gracieuse akaingiza ukucha chini ya ukingo wa kitambaa akajaribu kuunyanyua kidogo, kidogo tu. Kikasikika kitu kama jani la mgomba likipasuka.

"Acha, mama," alisema Abeid bila kupandisha sauti. "Unanichana."

Kipande cha ngozi ya bega, cha ukubwa wa stempu, kilikuwa kimebaki kwenye ukucha wake. Gracieuse alikitazama. Alienda kwenye ndoo ya taka akatapika, akajifuta mdomo kwa mkono wa blauzi, akarudi. Bega lilikuwa limekwisha kuanza kukauka tena, likinywea, likirudi bapa.

"Na ile nyingine ya chini?" aliuliza Mwanakombo. "Miguu?"

"Ni colle ile ile, maman. Ni mimi niliweka yote."

Mwanakombo hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Alimtazama tu, kisha akamwuliza baba yake, "Tuendelee, baba? Hata kama ni vipande?"

Abeid aligeuza jicho kwenye mkono usiokuwepo.

"Vipande vyangu viko huku na huku tayari," alisema. "Usiniongezee vingine, mwanangu. Kwetu mtu huletwa mzima."

Docteur Constant aliporudi aliona birika, aliona karatasi iliyolowa pembeni. Hakugomba. Alifungua mtoto wa meza, akatoa bahasha ndogo ya karatasi safi, ile wanayowekea mbegu zilizodondoka, akachukua kile kipande cha ngozi kwa koleo, akakitia, akakunja mdomo wa bahasha mara mbili, akampa Gracieuse aibandike kona ya juu. Hakuna kinachopotea katika Nyumba ya Majani. Gracieuse aliibandika.

"Kuna kintu kimoja ninaweza kukufanyia, maman," Docteur Constant akamwambia Mwanakombo, na sauti yake ilikuwa imelainika kweli. "Mutafiti mwenye kuona karatasi iko na haki ya kuacha neno lake. Kama profesa alikosea, hatufute ya profesa, lakini tunabandika yako kando. Inabaki milele. Hakuna mwenye kuitoa."

Alimpa kipande cha karatasi isiyooza, kidogo kama tiketi ya basi, na kalamu ya wino mweusi usiofutika. Mwanakombo aliandika kwa herufi za Kiarabu kwanza, kama alivyofunzwa chuo cha Korani, kisha za Kirumi ili wenyewe wasome: *Abeid bin Hamadi. Ni baba yangu.* Alitia jina lake na tarehe. Docteur Constant alikagua tarehe, akasema ni sahihi.

Gracieuse akapaka gundi. Akabandika, akabonyeza kwa kidole gumba.

"Umeandika nini?" Abeid aliuliza, maana kutoka pale alipo hawezi kuiona pembe ile.

"Jina lako, baba."

"Vizuri. Lilikuwa halipo."

Mwanakombo alimbusu paji la uso, jambo ambalo sheria za chumba hazikulitaja. Jalada likafungwa. Waziri alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, akamnunulia chai.

Basi, yaliyowapata wote ni haya. Mwanakombo alifariki Unguja baada ya mwaka, akazikwa karibu na mama yake, na nafasi ya kaburi la tatu imeachwa. Waziri bado anauza simu na bizari. Watu wa kwao humletea sauti nyingine za kutafuta ndugu, na baadhi hupatikana. Hervé aliacha kazi ya magari, akafungua biashara ya kuhamisha nyumba za watu, na inaenda vizuri kwa sababu hakubali kubeba kitu kabla hajafungua kasha kutazama. Gracieuse aliacha gundi. Sasa yuko hospitali ya Jette anaosha wagonjwa wasioweza kujigeuza, kazi ambayo wengi huionea kinyaa na yeye haimtii kinyaa hata kidogo. Docteur Constant amepandishwa kuwa mkurugenzi. Alitoa hotuba ndefu kuhusu kumbukumbu, mateso na udugu, picha ya Abeid ikiwa ukutani nyuma yake, kubwa kuliko mlango, na ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi.

Kampuni ya mbegu ilikata kipande cha jani. Kunde imezaa kunde nyingine, ina jina la biashara, inalimwa kwenye mashamba yaliyonyooka katika nchi kadhaa. Kule korongoni haipo. Watu wamekwenda kuitafuta kwenye ukuta wa kaskazini, wamekuta tundu.

Abeid yuko Evere. Amepigwa picha nzuri, iko kwenye mtandao, na yeyote anaweza kumkuza mpaka jicho lake lijaze kioo cha simu. Watafiti huja. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye elimu nyingi na heshima, alikaa naye siku nzima, akamwamkia, akazungumza naye vizuri, akapima mifupa ya uso. Kabla ya kuondoka akaandika kibandiko chake, na kwa kuwa pembeni nafasi ilikuwa imekwisha, kikawekwa juu ya kile cha Mwanakombo: *Binadamu, mwanamume, mtu mzima.* Ametia saini na tarehe. Imekaguliwa, ni sahihi.